Ingia Ndani, Umande Huo

Kwa miaka kumi na mmoja nyumba ile ilikuwa na ugomvi mmoja, na ugomvi huo haukupata mshindi. Mke alisema mbwa wa kazi halali ndani. Mume alisema hakuna kiumbe aliyeumbwa na Mungu ili anyeshewe. Walianza wakati wa mbwa wa kwanza, wakaendelea kwa wa pili, na walipofika kwa wa tatu kila mmoja aliyajua maneno ya mwenzake kama anavyoijua njia ya msalani gizani.

"Wenzetu wanagombania mawifi na mashemeji," mke aliwaambia majirani. "Sisi tunagombania mkia."

Mume alikuwa fundi cherehani, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Mke alikuwa mlinzi katika yadi ya mbao iliyopakana na ua wao. Kazi yake ilikuwa kufanya doria na mbwa, kuzunguka marundo ya mbao na magogo mpaka asubuhi. Wapasua mbao walimpa jina la Mama Mbwa wakidhani atakasirika. Badala yake akalivaa jina lile kama kilemba.

Banda la mbwa alilijenga mwenyewe, pale ua wa nyumba ulipokutana na uzio wa yadi. Lilikuwa na mlango mdogo wa kutokea yadini na mwingine wa kutokea uani. Alilijenga kwa mabanzi, yale mabaki ya magogo yenye magamba upande mmoja. Sakafu aliinyanyua juu ya matofali ili maji yapite chini, akalijaza maranda makavu kutoka kwenye karakana ya yadi. Lilikuwa na kimo cha kumtosha mtu mzima kukaa ndani akiinamisha shingo kidogo.

"Mbwa anayelala ndani," alikuwa akisema, "pua yake inajaa moshi wa jiko. Masikio yake yanazoea redio. Manyoya yanapungua kwa joto, halafu usiku wa mvua anatetemeka lindoni kama kifaranga. Na mwisho wa yote analinda kochi. Mwizi anabeba mbao, yeye anakulindia kochi."

"Na wa nje je?" Fundi naye hakukosa la kusema, pini zikiwa mdomoni. "Wa nje anapata baridi yabisi akiwa bado kijana. Analiwa na kupe. Hawajui watu, kila mtu kwake ni adui. Mbwa anayekaa na watu ndiye anayejua nani wa kubwekea na nani wa kuacha. Mimi nikikaa peke yangu nje miaka sita, hata wewe nitakung'ata."

"Wewe huna meno ya kutosha, Fundi."

Kila jioni baada ya kula, kabla hajaingia kazini, mke alitoka kwenda bandani. Alisema anakwenda kumfunga Shaba ukanda wa shingoni. Shaba alikuwa yule mbwa wa tatu, mwenye rangi ya sufuria ya shaba iliyosuguliwa vizuri. Kufunga ukanda ni kazi ya kupepesa macho, lakini mke alikaa huko nusu saa, pengine na zaidi. Fundi, akiwa kwenye cherehani karibu na dirisha, alimsikia akizungumza. Alimsikia akicheka. Baadaye alisikia sauti ikishuka na kuwa ya sala, maana mwanamke yule hakuingia lindoni hata siku moja bila kusali, na alisalia humo humo bandani, mbwa akiwa shahidi.

Fundi alikuwa akifungua dirisha na kuita, "Mama watoto, ingia ndani, umande huo!"

Naye alikuwa akijibu, "Nakuja. Namalizia."

Hakuwa akija mapema. Fundi alirudi kwenye mshono wake, akakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hakumwambia mtu, na huenda hata nafsi yake hakuiambia waziwazi, lakini katika ule ugomvi wa miaka yote hakuwa akimtaka mbwa ndani. Alimtaka mkewe. Mchana mke alilala kwa sababu ya kazi ya usiku, usiku alikuwa yadini, na ile nusu saa ya jioni ambayo ingekuwa yao wawili aliipeleka bandani. Fundi aliona kwamba mbwa akihamia ndani, nusu saa nayo itahamia ndani.

Kulikuwa pia na habari ya koti. Mwaka mke alipopata kazi yadini, Fundi alimshonea koti la lindo kwa kitambaa kizito cha kijani, lenye bitana ya pamba. Mifuko aliipiga mshono mara mbili, kisha akarudia pembeni kwa mkono ili isichanike kwa uzito wa tochi na filimbi. Hakuwahi kushona nguo kwa uangalifu kama ule, hata suti ya bwana harusi. Mke alilivaa miaka mitano, lilimpendeza hata likaanza kuchukua umbo lake. Kisha msimu mmoja wa baridi, mwaka alipoletwa Shaba akiwa mtoto wa miezi mitatu, koti halikuonekana tena.

"Koti langu liko wapi?" Fundi aliuliza.

"Langu," mke alimsahihisha. "Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo kazini."

Zaidi ya hapo hakusema, na hakuwa mtu wa kusema uongo. Yadi ilimpa koti jingine la sare, la bluu, lenye nembo, naye akaanza kuvaa hilo. Fundi akaamini kwamba mkewe amempa mtu koti lake, maana alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Kwa miezi kadhaa kila mpasua mbao aliyepita barabarani alitazamwa mgongo. Mmoja alisimama akauliza, "Fundi, kwani nimekaa kwenye rangi?" Fundi akainama kutafuta bobini ya uzi ambayo haikuwa imepotea.

Ingawa lile koti lilimwuma, alilihudumia la bluu. Kila Jumamosi alilifua kwa mkono wake, akalianika, akalipiga pasi ya mkaa mpaka mikono ikasimama yenyewe. Fundi hakuwa mtu wa maneno matamu, na yale ambayo wanaume wengine huyasema kwa ulimi yeye aliyasema kwa pasi.

Mke aliugua mwanzo wa mvua. Mapafu. Alilazwa siku kumi na mbili, na Mungu akaona siku zile zinatosha. Siku ya tisa, akiwa bado na pumzi ya mzaha, alimwuliza mumewe, "Shaba amekula?"

"Amekula."

"Usije ukamwingiza ndani, Fundi. Nakujua."

"Wewe pona kwanza, uje ulinde banda lako."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akaja kumwomba Fundi atoke kidogo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana waliyoambiana. Wengine hupewa maneno ya kuweka kwenye fremu. Fundi alipewa mbwa na banda.

Siku ya pili baada ya maziko ilikuwa Jumamosi. Nyumba ilikuwa bado na watu, binti yao akiwapokea na kuwaandalia chai. Fundi aliinuka alfajiri kabla hawajaamka, akachukua koti la bluu msumarini, akalifua. Alifua na sare mbili za mkewe, leso zake, shuka alizolalia na foronya. Alifua jinsi alivyofua miaka kumi na mmoja, akasuuza mara tatu, akapiga pasi. Yadi ingelitaka koti lao, na hakutaka mke wake arudishe nguo chafu. Wala hakuishia hapo. Alimpaka Shaba sabuni, akamwogesha na ukanda wake wa shingoni mpaka maji yakatoka meupe.

Jioni, watu walipopungua, alilitoa koti lile kabatini akaliweka usoni. Lilikuwa na harufu ya sabuni na ya mkaa. Akachukua leso, akachukua foronya. Sabuni na mkaa. Alisimama katikati ya chumba na foronya mkononi, akaelewa alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe, kwa upendo, na kwa sabuni nzuri.

Usiku ule akataka kusali asipate la kusema. Alitaka kumwomba Mungu amrudishie harufu tu. Aliona haya. Watu wanamwomba Mungu uzima na wokovu, yeye mtu mzima amwombe harufu ya jasho? Lakini aliomba, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwomba jirani chumvi mara ya tatu kwa siku moja.

Kesho yake akamwingiza Shaba ndani.

Alijiambia kwamba ni huruma. Mbwa alikuwa hali, mvua ilikuwa inanyesha, na bandani hakuna tena wa kwenda kukaa naye. Alimshonea godoro la kitambaa kipya, akalijaza vipande vya nguo vilivyobaki chini ya meza ya kukatia, akaliweka kando ya cherehani. Ugomvi wa miaka kumi na mmoja ukawa umekwisha, yeye ndiye mshindi, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Shaba hakulikubali godoro. Alisimama mlangoni, pua ikiwa kwenye ufa wa chini. Aliposimama mpaka miguu ikachoka, alilala papo hapo sakafuni. Uji wa nyama alinusa akaacha. Fundi alipomtoa nje kwa kamba ajisaidie, alivuta kuelekea bandani kwa nguvu zote, na Fundi akamrudisha. "Huko hakuna mtu, mwanangu," alimwambia. "Hata mimi ningependa awepo."

Siku ya sita meneja wa yadi alikuja. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu, aliyevua viatu mlangoni ingawa hakuambiwa.

"Fundi, pole tena. Nimekuja kwa jambo gumu," alisema. "Mbwa ni wa yadi. Mlinzi mpya ameanza, lakini mbwa hamfuati, hali, halindi. Mbwa mkali asiyemtii mtu ni hatari. Jumatatu ijayo tutamjaribu. Akizunguka doria na mlinzi mpya, sawa. Asipozunguka, daktari wa mifugo atakuja na sindano yake. Hakuna yadi nyingine itakayomchukua katika hali ile."

"Muda mdogo, bosi."

"Najua. Mimi si mkatili. Marehemu nilimheshimu. Ndiyo sababu nimekuja kwa miguu yangu."

Mlinzi mpya alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayesema siri. Kwa hiyo wapasua mbao walimwita Kipaza. Alikuwa amefanya kazi na mbwa mahali pengi. Alifika kila alasiri, akachuchumaa sebuleni mita mbili kutoka kwa Shaba, hamgusi, hamwiti, anasubiri tu. Shaba alimwona kama anavyoona mguu wa meza.

"Fundi, shikamoo. Leo amekula?"

"Marahaba. Kalamba kidogo."

"Tumrudishe bandani."

"Bandani alikuwa anakufa kwa upweke."

"Na hapa ananenepa? Mbona mbavu nazihesabu kutoka huku?"

Fundi aliweka mkasi mezani kwa kishindo. "Hata wewe ni wale wale wa nje?"

"Mimi sina upande, mzee wangu. Nimefanya kazi mahali ambapo mbwa walilala vyumbani na sisi, wakafanya kazi vizuri. Nimefanya kazi ambapo walilala mabandani, wakafanya kazi vizuri. Tena nimewaona wavivu wa ndani na vichaa wa nje. Mbwa hababaishwi na paa. Anataka kujua kwake ni wapi. Huyu ukimtazama, kwake si hapa. Anasubiri kufunguliwa."

"Atatoka aende wapi? Aliyemfuata hayupo."

Kipaza aliinua tu mabega, akaendelea kuchuchumaa.

Jumapili, siku moja kabla ya jaribio, Fundi alirudi kutoka kwenye ibada akiwa amevaa suruali yake nzuri ya kijivu. Alifungua mlango kidogo aingie kiupandeupande, kama alivyozoea siku zile. Safari hii Shaba alikuwa amejipanga. Alimpita kati ya miguu kama maji, akavuka ua, akatumbukia bandani.

"Shaba! Toka!"

Kimya. Fundi akapiga mbao za banda kwa kiganja. Kimya. Akavuta subira, akalegeza sauti, akaahidi nyama. Mwisho akaitazama suruali yake, akatazama matope, akapiga magoti. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuingia mle. Fundi cherehani haingii mahali penye manyoya na maranda, kazi yake nzima ni kuondoa nyuzi kwenye nguo za watu.

Ndani palikuwa na mwanga mdogo na ukavu wa ajabu. Mvua ya wiki nzima haikuwa imefika. Ukutani kulikuwa na msumari wa kutundikia tochi. Pembeni kulikuwa na kopo la rangi lililogeuzwa kichwa chini, juu yake kipande cha gunia kilichobonyea katikati. Fundi alilijua bonde lile, alijua ni nani aliyelichimba kwa kukaa.

Shaba alikuwa amejikunja kwenye kona ya mwisho, pua ameizika ndani ya maranda. Fundi alinyoosha mkono kumshika shingoni. Mkono ukateleza, ukazama chini ya tumbo la mbwa, ukagusa kitambaa. Kizito. Vidole vikatembea juu yake vyenyewe, kama vilivyozoea kutembea, vikafika kwenye mfuko. Mshono mara mbili. Pembeni, mshono wa mkono, mdogo, uliorudiwa.

Vidole vilijua kabla ya kichwa.

"Lipo kazini," Fundi alisema kwa sauti, humo bandani, na akaanza kucheka, na kicheko hakikukaa kicheko kwa muda mrefu.

Koti la kijani lilikuwa limetandikwa chini ya maranda, bitana ikiwa juu. Miaka sita. Mke alipopewa mtoto wa mbwa anayelia kutwa kwa kumkosa mama yake, alivua kilichokuwa mwilini mwake, kilichomjua kuliko nguo zote, akamtandikia. Na kila jioni alikuja kulilalia kidogo, kulishika, kulitia tena harufu yake, ili usiku wakati wa mapumziko ya doria, na mchana akilala chumbani, mbwa awe na mtu. Angemwambiaje fundi aliyerudia mshono wa mfuko kwa mkono kwamba koti lake limekuwa tandiko la mbwa? Alisema ukweli wote aliothubutu kuusema.

Fundi alilivuta ukingo mmoja akaliweka usoni. Kulikuwa na mbwa, ndiyo, na mbao. Na chini ya hayo yote, ndani kwenye bitana karibu na kola, kulikuwa na mafuta ya mgando aliyojipaka mikononi kwa sababu ya baridi, na jasho lake, na yeye. Sabuni haikuwa imewahi kufika hapo.

Alikaa hapo mpaka binti yake akaanza kumtafuta.

Alilibeba koti akaingia nalo ndani. Shaba alimfuata nyuma, pua ikigusa kitambaa, wala hakuhitaji kamba. Fundi alipolilaza juu ya lile godoro jipya, mbwa alizunguka mara mbili, akajitupa juu yake, akatoa pumzi ndefu. Kisha akala. Alikula uji wote, akalamba bakuli mpaka likasafiri kwenda kugonga ukuta.

"Baba, umempa nini?" binti aliuliza.

"Mama yako ndiye aliyempa."

Saa moja nzima Fundi alikuwa na kila kitu. Mbwa yuko ndani, anakula. Koti lipo, ameshika mkono mmoja wa koti huku Shaba akilalia uliobaki. Alimshukuru Mungu kwa ile chumvi aliyoomba. Alifikiri kwamba mbwa akishazoea, atalitoa koti pole pole, alikunje, aliweke kabatini ndani ya mfuko uliofungwa vizuri ili harufu isitoke. Angelifungua siku maalumu tu. Alikwisha kuanza kuhesabu ni siku zipi.

Saa kumi Kipaza akaja. Alipoliona bakuli tupu uso wake ulifunguka. Alitoa ukanda, akamvisha Shaba, na Shaba akakubali kuvishwa. Lakini alipovuta kuelekea mlangoni, mbwa alijibandika sakafuni. Kipaza akavuta tena. Shaba akaonyesha meno, si kwa hasira, kwa taarifa.

"Analinda," Kipaza alisema.

"Analinda nini?"

"Analinda koti. Ndiyo kazi yake, mzee. Lilipokuwa bandani, alitoka doria akijua anarudi kwake, na yadi nzima ilikuwa ua wa kwake. Sasa kwake umekuhamishia hapa chini ya cherehani. Kesho atakulindia cherehani vizuri sana."

*Mwizi anabeba mbao, yeye anakulindia kochi.* Fundi aliisikia kabisa sauti ya mkewe, na ule mkoromo mdogo wa kicheko uliofuata kila mara.

"Hilo koti ni langu," alisema.

"Nani amekataa?"

"Nimelishona kwa mkono huu. Na ndilo pekee... Zote nilizifua. Unanielewa? Nilizifua zote."

Kipaza, ambaye hakuwa ameoa na hakujifanya kujua, aliketi sakafuni. "Pole, mzee wangu," alisema kwa ile sauti yake ndogo.

"Likirudi kule litakwisha. Litabaki harufu ya mbwa tupu."

"Litakwisha, ndiyo. Hata kabatini litakwisha. Kule litachelewa kidogo, maana yuko mmoja wa kulikumbuka kila usiku."

Fundi alimtazama Shaba, na Shaba akamtazama Fundi. Alichukua mkasi mezani. Binti aliyekuwa mlangoni alipiga hatua moja ndani. Fundi aliupima mfuko kwa macho, ule wa kulia, wenye mshono wa mkono. Angeweza kuufumua kwa dakika tatu, na koti lisidhurike. Alikaa na mkasi mkononi kwa muda. Kisha akaurudisha mezani. Tangu aanze ufundi hakuwahi kuharibu nguo iliyokuwa bado inavaliwa.

Alilikunja koti, akavuka nalo ua, Shaba akimfuata na Kipaza nyuma yao. Akapiga magoti kwa mara ya pili siku ile. Alilitandika kama lilivyokuwa, bitana juu, akafukia kingo kwenye maranda. Alipomaliza hakutoka. Aliketi juu ya lile kopo la rangi, ndani ya lile bonde, ambalo lilikuwa pana kidogo kuliko yeye. Shaba akaweka kichwa kwenye goti la suruali ya kijivu. Kipaza, nje, akageuka akaenda kuangalia uzio uliokuwa mzima.

Jumatatu asubuhi wapasua mbao walizima mashine waone. Kipaza alifungua mlango wa yadini, akapiga filimbi fupi moja. Shaba akatoka. Akajinyoosha, akaenda kando ya mguu wake wa kushoto, wakazunguka rundo la kwanza, la pili, magogo, karakana, lango kuu. Hakuruka hata kona moja. Walipokaribia kurudi bandani meneja, kwa furaha, alijisahau akaja haraka kutoka nyuma ya mbao ampongeze mlinzi.

Shaba alimwahi kwenye pindo la suruali.

"Mwachishe! Mwachishe!"

"Jaribio limekwisha, bosi?" Kipaza aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika yadi nzima.

Wapasua mbao walishikana mabega kwa kucheka. Mmoja akasema, "Amepasi! Mwandikieni cheti!" Meneja alicheka mwishowe, baada ya kuhakikisha kwamba mguu ni mzima, na mchana alimletea Fundi suruali ishonwe pindo. Fundi alikataa malipo. Alisema ile ni kazi ya nyumbani kwake.

Miezi minne imepita. Yale mabishano ya ndani na nje Fundi hayafanyi tena na mtu, na godoro la kitambaa kipya analikalia yeye akishona. Jioni baada ya kula anatoka. Anasema anakwenda kumfunga Shaba ukanda, ingawa ukanda anaufunga Kipaza. Anakaa kwenye kopo la rangi. Mara nyingine anachukua sindano na uzi wa kijani, anakaza mshono wa kwapani unaoanza kuachia, papo hapo lilipotandikwa, bila kuliinua. Mara nyingine anasema habari za mchana: nani ameleta nguo, nani amenenepa na anakataa kukiri. Kisha anasali. Maneno yanapatikana mle, sijui kwa nini, Mungu ndiye ajuaye.

Harufu inapungua. Yeye analijua hilo kuliko mtu mwingine. Zamani aliipata akiinua tu ukingo, sasa inambidi ainame mpaka kwenye kola, afumbe macho na kusubiri. Zipo jioni ambazo anasubiri na haiji. Jioni kama hizo Shaba husogea, huweka pua yake pale pale karibu na mkono wake, huvuta pumzi, na kwa jinsi anavyotulia Fundi anajua kwamba yeye mbwa bado ameipata. Basi anaridhika na kuipata kwa njia hiyo, ya kuazima.

Juzi mvua za pili zilianza. Matone yalipiga juu ya mabanzi, ndani pakabaki pakavu. Binti, aliyekuwa amekuja kumtembelea, alifungua dirisha la upande wa cherehani.

"Baba! Ingia ndani, umande huo!"

Hakujua alichokisema. Alikuwa amekisikia utotoni kila siku mpaka kikawa sehemu ya jioni yenyewe.

Fundi aliweka kiganja juu ya bitana, kwenye kitambaa chenye joto la mbwa, akakiacha hapo kwa muda.

"Nakuja," alijibu. "Namalizia."